Uzi: Nusu ya picha hii nimepiga kwa kamera, nusu imekokotolewa na kompyuta, yote nimeichapa kwa jua. Tujadili

Mwana Kibosho (mleta uzi)

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Nina kazi moja nimeishughulikia karibu mwaka na nusu na leo nataka kuieleza yote, nilipopatia na nilipokosea. Ni picha ya Kilimanjaro ukiwa umesimama upande wa Moshi unatazama kaskazini. Chini kuna migomba, mibuni, paa za mabati na moshi wa jikoni. Hiyo nimepiga mwenyewe kwa kamera, asubuhi ya Desemba. Mlima wenyewe haukutoka kwenye picha hiyo. Mlima umetoka kwenye kompyuta, tena umevaa barafu ya zamani, ile waliyoiona babu zetu.

Sababu ni hii. Bibi yangu alikuwa akitusimulia jinsi weupe ulivyoshuka chini kuliko sasa, nasi tulidhani ni maneno ya wazee. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1912 barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ilikuwa na eneo la takribani kilomita za mraba 12, na hadi 2007 kama asilimia 85 ya hiyo ilikuwa imekwisha. Bibi alikuwa anasema kweli. Nikajiuliza: kamera haiwezi kupiga kitu ambacho hakipo tena, je, kuna njia ya halali ya kukiweka mbele ya mtu akakiona?

Njia niliyoipata ni kurenda. Kwa asiyejua: unaipa programu umbo la ardhi, unaiambia jua liko wapi na hewa ina ukungu kiasi gani, nayo inakokotoa mwanga pikseli kwa pikseli, yaani nukta moja moja ya picha, mpaka itoke mandhari. Umbo la ardhi sikulichonga kichwani. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima miinuko kwa rada, na data ile leo inapakuliwa bure, kipimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Kwa hiyo mlima ulio kwenye picha yangu ni Kilimanjaro yenyewe kama rada ilivyoigusa mwezi ule.

Naendelea, nipeni dakika.

Mwana Kibosho

Sasa makosa, maana ndiyo yenye faida.

Kosa la kwanza lilikuwa la ngazi. Ramani ya miinuko unaihifadhi kama picha ya kijivu: cheupe ndiko juu, cheusi ndiko chini. Mimi nikaihifadhi kwa biti 8, yaani ngazi 256 tu za kijivu. Kutoka Moshi mpaka kilele cha mita 5,895 kuna kama mita 5,100. Gawanya kwa 256, unapata hatua za mita 20 kila moja. Mlima ukatoka kama matuta ya kilimo cha makinga maji, ngazi juu ya ngazi. Ukihifadhi kwa biti 16 unapata ngazi 65,536, hatua haifiki hata sentimita 10, na mteremko unakuwa laini. Nilipoteza wiki mbili nikidhani programu ni mbovu.

Kosa la pili ndilo lililonifundisha zaidi. Nilipomaliza nakala ya kwanza niliichapa kwa printa ya kawaida nikampelekea mama mmoja anayeuza ndizi karibu na kwetu. Aliitazama kidogo tu. Akaniambia, "Mwanangu, migomba yako ni ya Krismasi lakini mlima wako ni wa mwezi wa sita."

Nilirudi nyumbani nikakagua. Alikuwa sahihi kabisa. Sisi tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 3 tu, kwa hiyo jua linatupita huku na huku. Desemba linachomoza kusini kidogo ya mashariki: ukitazama mlima liko nyuma ya bega lako la kulia na vivuli vinakwenda mbele, kuelekea mlimani. Juni linachomoza kaskazini kidogo ya mashariki, liko mbele yako kuliani, na vivuli vya matuta vinakuja kwako. Kwenye programu nilikuwa nimeacha tarehe ilivyokuja, nayo ilikuwa ya Juni. Kwenye picha moja nilikuwa na majua mawili.

Yule mama hajui kurenda ni nini. Anaujua mlima tu, kwa kuuona kila siku tangu azaliwe. Tangu siku ile, kabla sijafanya lolote naandika kwenye daftari: mahali niliposimama, kimo cha kamera kutoka ardhini, tarehe, saa, urefu wa lenzi na upana wa kihisi, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Vyote hivyo naviingiza kwenye programu vilevile vilivyo. Jua likiwa moja, jicho linakubali mambo mengi. Yakiwa mawili, hata ungechora kila jiwe, mtu atahisi kuna kitu.

Binti Mvita

Kaka hongera, ila mimi naona hapa kuna jambo la kusemwa wazi. Hii si picha. Picha ni kile kilichokuwepo mbele ya lenzi. Ukishaweka mlima wa kompyuta umefanya uchoraji, na uchoraji si dhambi, lakini uite jina lake. Mtalii atanunua akidhani mlima bado una barafu ile. Hapo utasema nini?

Mzee wa Dakrumu

Nimesoma kwa makini. Vijana, mimi nilifanya kazi studio ya picha zaidi ya miaka ishirini, enzi za kusafisha picha gizani. Binti, swali lako ni zuri ila hilo jambo halikuanza na kompyuta.

Mfaransa Gustave Le Gray, miaka ya 1850, alikuwa anapiga bahari. Vioo vya wakati ule viliona zaidi mwanga wa bluu, kwa hiyo ukipiga bahari ikatoka vizuri, mbingu inaungua, inakuwa nyeupe tupu. Alichofanya ni kupiga mbingu kwa kioo kimoja na bahari kwa kingine, kisha akavichapa pamoja kwenye karatasi moja, mshono ukikaa kwenye upeo wa macho. Watu walistaajabu. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, Msweden aliyeishi Uingereza, akaunganisha negativu (zile picha za kinyume, cheupe kikiwa cheusi) zaidi ya 30 kutengeneza picha moja.

Sisi wenyewe studio tulifanya nini? Tulikuwa na pazia lenye bahari na minazi. Mtu wa Singida anasimama mbele yake, anatuma picha kwao. Hakuna aliyesema tumemdanganya mama yake.

Binti Mvita

Shikamoo mzee wangu. Mapazia nayajua, mimi ni wa Mombasa. Pale Likoni kivukoni miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa na vibanda vyao na mandhari za kupaka rangi, na watu wakisimama mbele yake kwa fahari. Na Lamu kulikuwa na Bakor Studio, marehemu Omar Said Bakor akikata picha na kuunganisha kwa ustadi ambao mpaka leo watu wanauandikia. Kwa hiyo kuunganisha si kitu kigeni kwetu pwani.

Lakini angalieni tofauti. Pazia la Likoni lilionekana kuwa ni pazia. Yule mama wa Singida alijua mwanawe hayuko baharini. Kazi ya mleta uzi inataka nisijue mshono uko wapi, na hapo ndipo ninapobaki na swali langu.

Mzee wa Dakrumu

Marahaba mwanangu. Hapo umenena, sina la kuongeza.

Mwana Kibosho

Dada, swali lako limenikosesha usingizi nami sitaki kulikwepa.

Nimejifunza mengi kwa Joan Fontcuberta, msanii wa picha kutoka Katalunya, Hispania, kwenye kazi yake anayoiita Orogenesis. Alichukua programu ya mandhari, Terragen, iliyotengenezwa isome ramani za miinuko, yeye akailisha michoro na picha maarufu za watu wengine. Programu haijui kwamba ile ni bahari ya mchoraji. Inaona cheusi na cheupe tu, inadhani ni mabonde na vilele, inatoa milima na maziwa ambayo hayapo popote duniani. Na yeye kila mara husema chanzo ni picha ipi. Anaonyesha hila yake mwenyewe, na kazi haipungui uzito.

Nimeamua hivi. Chini ya kila chapa, kwa penseli, naandika "Picha na mandhari ya kukokotolewa". Nyuma naandika marefu: sehemu ya chini imepigwa kwa kamera mwezi na mwaka fulani, umbo la mlima ni data ya rada ya Februari 2000, mpaka wa barafu ni kadirio langu kutoka ramani ya 1912. Mnunuzi anasomewa kabla hajatoa pesa. Watu wawili waliahirisha kununua baada ya kusomewa. Sawa, ni haki yao.

Neno "picha" kwa Kiswahili, dada, limebeba yote mawili tangu zamani. Mchoro ni picha, na ya kamera ni picha. Ndiyo maana naona kazi ya maelezo iko kwangu mimi mtengenezaji, lugha haitanisaidia.

Binti Mvita

Hilo la kuandika mbele, chini ya chapa, limenituliza. Kuandika nyuma peke yake ningekataa, maana ikishawekwa kwenye fremu nani anageuza?

Ramani Zangu

Mkuu mimi nafanya kazi za ramani, nina swali la kiufundi. Data yenye kipimo kimoja kila mita 30 ni chache mno kwa chapa kubwa. Ulifanyaje?

Mwana Kibosho

Swali la fundi hili. Tupige hesabu pamoja.

Kutoka niliposimama mpaka Kibo ni kama kilomita 30. Nilitumia lenzi ya milimita 70 na kihisi cha upana wa milimita 36 chenye pikseli 6,000. Kipande cha mita 30 kwa umbali huo kinachukua pikseli 12 hivi kwenye picha. Maana yake kila pikseli 12 nina kipimo kimoja cha kweli, na katikati yake rada haijui kitu. Ukiacha hivyo mlima unakuwa kama umefinyangwa kwa sabuni.

Programu za mandhari huziba pengo hilo kwa fraktali: umbo dogo linalojirudia ndani ya kubwa, jiwe linafanana na jabali na jabali linafanana na mlima. Loren Carpenter alionyesha milima ya namna hiyo kwenye filamu fupi mwaka 1980 na ndiyo mbinu tunayotumia hadi leo. Ni nzuri, lakini ile mikunjo midogo ni ya kubuni. Mimi naipunguza nguvu. Kwa mawe ya juu nimetumia picha zangu nilizopiga kwa lenzi ndefu siku mlima ulipokuwa wazi, nikazivalisha juu ya umbo la rada. Kwa hiyo umbo ni la rada, ngozi ni ya kamera, barafu na ile mikunjo midogo iliyobaki ndiyo ya kukisia.

Mambo mengine mawili kwa haraka. Picha ya kamera ina chembechembe, iliyorendwa haina, basi ongeza chembechembe zilezile juu ya mlima, la sivyo mlima utang'aa kama umepakwa mafuta. Na ukungu: kwa kilomita 30 za hewa hakuna cheusi kamili mlimani, kivuli chote kina ubluu. Pima rangi ya kivuli kwenye picha halisi uliyopiga siku ileile, uifuate.

Kuhusu ukubwa: karatasi ya A2 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 4,961 kwa 7,016, karibu milioni 35. Kompyuta yangu ilichukua usiku mzima na nusu ya siku, umeme ukakatika ikiwa imebaki kidogo, nikaanza upya. Sasa narenda kwa vipande kumi, kila kikikamilika kinahifadhiwa, mwisho naviunga.

Pleti na Wino

Nawasalimu kutoka Kampala. Mimi nimesomea uchapaji wa sanaa, kazi yangu ni pleti, wino na mashine ya kubana. Bado hujafika kwenye sehemu yangu. Kwa nini usichape kwa printa nzuri ya wino wa pigmenti ukamaliza? Tangu mwaka 1991, Nash Editions ya Marekani ilipoanza kuchapa sanaa kwa printa za Iris, watu wanatoa kazi safi kabisa kwenye karatasi ya pamba. Kwenda kwenye jua na kemikali kunaongeza nini?

Mwana Kibosho

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Nilichapa kwa printa ya pigmenti kwanza. Ilikuwa safi, na ndiyo iliyokuwa tatizo. Mshono ulijionyesha. Hauonekani kwa kidole, ila unahisi sehemu mbili zenye asili mbili zimekaa jirani. Nikaamua kujaribu sayanotaipu, ile chapa ya bluu aliyoibuni John Herschel mwaka 1842.

Utaratibu wangu: ferik amonia sitreti gramu 25 kwenye maji mililita 100, chupa ya kwanza. Potasiamu ferisayanidi gramu 10 kwenye mililita 100, chupa ya pili. Nachanganya kwa usawa kwenye mwanga hafifu wa taa, naipaka kwa brashi pana kwenye karatasi ya pamba, inakauka gizani. Faili naligeuza kuwa negativu, nalichapa kwenye plastiki angavu, nalilaza juu ya karatasi, kioo juu, natoa nje. Jua letu la saa sita mchana linamaliza kazi kwa dakika nane. Kisha naiosha kwa maji, rangi ya njano inatoka, bluu inabaki.

Kilichotokea ndicho kilichonifanya nilete uzi huu. Migomba ya kamera na mlima wa kompyuta vilipita kwenye negativu moja, vikapigwa na jua moja, vikaingia kwenye nyuzi zilezile za karatasi, vikaoshwa na maji yaleyale. Vilitoka ndugu. Mistari ya brashi yangu inapita migombani na mlimani bila kubagua.

Halafu kuna barafu. Kwenye sayanotaipu cheupe hakichapwi. Cheupe ni mahali ambapo jua halikufika, karatasi ikabaki ilivyo. Kwa hiyo ile barafu yote niliyoikisia, saa zote zile za kukokotoa, mwisho wake ni karatasi tupu. Hakuna kitu pale. Nilipoiona ikikauka kwenye kamba nilikaa chini.

Pleti na Wino

Ndugu yangu, nimekuelewa. Nafuta swali langu.

Ila kama fundi nikuulize: weupe wako unabaki safi kweli? Wino wa printa kwenye plastiki mara nyingi hauzuii jua vya kutosha.

Mwana Kibosho

Haukubaki, mwanzoni. Barafu ilitoka na ubluu kama maziwa yaliyochakachuliwa. Nililaza negativu mbili juu ya nyingine, ikasaidia lakini zikateleza, kingo zikawa maradufu. Sasa natoboa matundu mawili pembeni kwa mashine ya kutobolea karatasi za faili na kuzishika kwa vijiti. Zinakaa.

La pili ni kupima ngazi za rangi. Sayanotaipu ina masafa mafupi kati ya cheupe na bluu nzito. Usichape kazi kabla ya kuchapa ukanda wa majaribio wenye vipande 21 vya kijivu. Tazama ni vingapi vinatofautiana, kisha rekebisha faili. Mimi nilichapa kanda tisa kabla ya kuridhika.

La tatu ni maji. Maji yetu ya kisima ni magumu, na bluu hii haipatani na magadi wala chokaa, inafifia. Naweka siki kidogo kwenye maji ya kwanza. Hata karatasi zenye chokaa ndani ziepukeni.

Mzee wa Dakrumu

Mbona usiigeuze rangi kwa chai? Nimesikia chai nzito inaifanya nyeusi ya kahawia, inapendeza.

Mwana Kibosho

Mzee wangu nilijaribu, kwa majani ya chai na kwa kahawa ya kwetu. Bluu iligeuka nyeusi nzuri sana. Lakini chai inatia doa karatasi nzima, na barafu ikawa ya rangi ya udongo. Kwa picha nyingine ningeipenda. Kwa hii, hapana.

Pleti na Wino

Basi nikupe pendekezo. Faili hilohilo litatoka vizuri kwenye pleti ya polima, ile ya plastiki inayoganda ikipigwa na mwanga. Unaianika kwenye mwanga kwa positivu, yaani picha isiyogeuzwa rangi, badala ya negativu, unaiosha kwa maji ya kawaida, unaipaka wino, unafuta kwa kitambaa cha wavu, unaibana na karatasi yenye unyevu. Unapata nyeusi ambayo kidole kinataka kuigusa. Na weupe wa barafu utakuwa palepale kwenye mkono wako, maana ni wewe unayefuta wino. Ukifuta zaidi barafu inashuka, ukifuta kidogo inapanda. Hakuna chapa mbili zitakazolingana. Sisi tunayo mashine ya kubana hapa.

Mwana Kibosho

Barafu inapanda na kushuka kwa kitambaa... Nimesimama hapa nasoma mara ya tatu. Mkuu nakuja Kampala. Niambie unataka positivu ya ukubwa gani.

Ramani Zangu

Na idadi? Utachapa ngapi?

Mwana Kibosho

Za bluu ni 15, naandika 1/15 hadi 15/15 kwa penseli. Hadi sasa nimefika ya 11. Moja ya majaribio haina namba, hiyo haiuzwi, imekwenda kwa yule mama wa ndizi. Ameitundika ndani ya kibanda, mbali na jua kama nilivyomwomba, maana bluu hii hufifia ikikaa mwangani muda mrefu, ingawa ukiiweka gizani hujirudia kwa kiasi.

Binti Mvita

Na yeye amesemaje kuhusu vivuli safari hii?

Mwana Kibosho

Ameangalia mlima, ameangalia migomba. Amesema, "Hii ni Desemba." Kisha akaniuliza barafu ile nimeitoa wapi, kwa sababu anaikumbuka.